Bei ya Shambani

Mvua ya masika ilikuwa imepumzika kidogo asubuhi ile, na Mama Ndila, kama mkulima yeyote mwenye akili timamu, akaona huo ndio wakati wa kuyatilia mahindi mbolea ya kukuzia. Barazani palikuwa na gunia la punje nyeupe, safi. Akaliburura hadi shambani, akatia kifuniko kimoja cha soda kwa kila shina, kama alivyofundishwa Ukambani kabla hawajahamia Bongwe, huku Pwani. Jua lilipopanda gunia lilikuwa tupu, naye amekaa anakunywa chai.

Haikuwa mbolea. Ilikuwa malighafi ya mwanawe Mutunga, punje za plastiki za kutengenezea mabeseni, na gunia lenyewe lilikuwa la mwisho. Bei ya punje hizo ilikuwa imepanda mpaka inatia kizunguzungu. Wenye maduka walisema ni dola, kisha ni meli, kisha ni vita vya watu ambao hata Bongwe hawajui iko wapi. Wenzake Mutunga walikuwa wamezima mashine na kwenda kubeba mizigo ya wageni mahotelini Diani. Yeye alijinyima hata nyama ya Pasaka akalinunua gunia lile, kwa kuwa alikuwa amemwahidi jirani yake Mwanatumu mabeseni ya harusi ya bintiye.

Na harusi ya Kidigo isiyo na vyombo husemwa mwaka mzima. Vyombo hupelekwa kwa maandamano, kila mwanamke na beseni lake kichwani, na walioachwa majumbani hutoka vibarazani kutazama nani kabeba nini.

"Mwaitu," Mutunga alimwita mamake kwa Kikamba, "umetia nini shambani?"

"Mbolea yako. Nzuri kweli, haina vumbi."

Mutunga akakaa kwenye matope akalia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadaye alikana.

Mahindi yakastawi. Yalipokomaa, ndani ya maganda mlikuwa na punje za plastiki, zimejipanga vizuri kwenye magunzi. Safu za karibu na kisima zilitoka za buluu. Bwana shamba alikuja kutoka Matuga, akapiga goti, akapima nafasi kati ya shina na shina, akasema yamepandwa karibu mno. Nyani waliiba mawili, wakayatafuna, wakayarudisha mpakani.

Mwanatumu naye akaja kutazama.

"Hodi! Shikamoo, Mama Ndila."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita shambani."

Akamenya hindi moja papo hapo kwenye bua. "Haya ya buluu ndiyo," akasema. "Mwanangu hataki meupe, yaonyesha uchafu."

Siku ya kupukuchua, walikuja wanawake wa kanisani kwa Mama Ndila na wanawake wa upande wa Mwanatumu, wakakaa mkeka mmoja. Hawa wakiimba tenzi, wale wakiimba nyimbo za harusi, na mwishowe wote wakaimba za harusi, maana ndizo zilizokuwa tamu. Punje ziliruka kila upande. Kuku walidonoa kidogo wakaenda zao. Mutunga akaiwasha mashine, na mabeseni yakatoka kwenye kalibu moja baada ya jingine, yakinukia mahindi ya kuchoma. Alicheka peke yake mle ndani, na hilo hakulikana.

Harusi ikawa harusi! Vyombo vilipita barabarani vichwani mwa wanawake, vya buluu vitupu, vigelegele vikapasua anga, na walipofika kwa bibi harusi waliyafudikiza mabeseni wakayapiga kama ngoma mpaka jua likazama. Bibi harusi alicheza mpaka mtandio ukamponyoka. Watu wa Msambweni wakamshika Mutunga mkono wakiagiza ya kwao.

Huku nyumbani kulikuwa na tatizo dogo. Unga ulikuwa umekwisha, na plastiki haisongwi ugali. Kwa hiyo alipofika Harrison, dalali wa mahindi, na lori lake kama kila mavuno, Mutunga akiwa hayupo, Mama Ndila alimtolea punje zilizosalia. Harrison alichukua moja akaiuma.

"Bado mbichi, mama. Haijakauka."

Akatoa magunia yake, yale aliyoyashonea shingo ndefu ili gunia liwe gunia na nusu, akataja bei ya mahindi.

"Lakini haya si mahindi," Mama Ndila akasema.

"Yametoka kwenye bua?"

"Yametoka kwenye bua."

"Basi."

Mama Ndila akayashona magunia kwa uzi mwekundu, kama desturi yake, akapokea pesa, akanunua unga wa watu wengine.

Mutunga alikwenda Ukunda kutafuta malighafi ya watu wa Msambweni. Dukani alikuta magunia yamepangwa hadi darini. Yalikuwa na shingo ndefu na uzi mwekundu. Nyuma ya meza alikuwa Harrison, amevaa shati safi.

"Hizi ni za mamangu," Mutunga akasema.

"Ni zake," Harrison akakubali, wala hakuona haya. "Kule shambani ni mazao, ndugu yangu. Hapa dukani ni malighafi. Meli nazo zimechelewa, umesikia?"

Mutunga alikuwa na ahadi Msambweni. Akalipa bei ileile ya kutia kizunguzungu, bei ya bandarini, akalipeleka gunia moja nyumbani.

Mama Ndila alilitazama, akalishika fundo.

"Ala! Hili fundo langu." Akacheka mpaka akashika mbavu, na Mutunga, ambaye alikuwa na hasira tangu Ukunda, akajikuta anacheka naye.

Kabla gunia halijaingia mashineni, mama akachota humo kopo moja la mbegu ya vuli akalitundika juu ya jiko lipate moshi, lisiliwe na wadudu. Nje honi ikalia. Harrison alikuwa amesimamisha lori barabarani, anauliza kama vuli itawahi mwaka huu.