Suti Haitoki Bila Harusi

Sasa huyu Gerishon wa Ruiru usimdhanie mjinga. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha mananasi kule Thika, kalamu sikioni, funguo kiunoni, na Kiingereza alikijua cha kumtosha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliogopa kuchekwa. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa njaa, na ugonjwa huo, we acha tu, hauna dawa ya hospitali.

Siku moja katika mwaka wa hamsini na moja, meneja aliwaita makarani uani. Wafanyakazi walimwita Bwana Kijiko, maana hakupita mahali bila kijiko mfukoni, akionjaonja mananasi kwenye masufuria. Akatangaza kwamba Jumamosi mkubwa wa kampuni anakuja kutoka Ulaya. Kutakuwa na chai kwenye nyasi mbele ya ofisi, na baada ya chai mkubwa atawaita ndani Gerishon na mwenzake Jeconia, amchague mmoja awe karani mkuu. Karani mkuu hupewa nyumba ya mawe hapo hapo Thika. Kisha Bwana Kijiko akainua kijiko juu akasema, "Suti nyeusi na tai! Mtu ya kaptula hapana kuja."

Nyumba ya mawe, jamani! Mke wa Gerishon, Warigia, na watoto wao walikuwa Ruiru kwenye kibanda kilichovuja mpaka wakajua kulala wakiwa wameshika sufuria. Gerishon aliwaona mwisho wa wiki tu. Aliitaka nyumba ile kwa moyo wake wote, na hilo lazima nimpe.

Lakini suti? Yeye alikuwa na kaptula za kaki, soksi ndefu na koti la mvua. Akakimbia kwa fundi Muthoka, aliyekuwa akishona kwenye varanda ya duka la Mhindi, akamkuta Jeconia amemtangulia. Amesimama mikono juu, anapimwa. Jeconia alikuwa mtu wa Maragoli, mpole, mnene, asiyejali nani anamtazama.

"Kitambaa cheusi kimekwisha," alisema Muthoka. "Huyu namshonea cha magodoro, chenye mistari, halafu nitakichovya kwenye rangi. Wewe kimekubakia cha mapazia. Maua maua."

"Chukua maua, ndugu yangu," Jeconia akamshauri. "Watu wataona maua, hawatakuona wewe."

Gerishon akajiona ndani ya maua yale. Akaona Thika nzima imeshika mbavu. Akaondoka bila kuaga.

Jumapili akiwa nyumbani alimwambia mkewe jambo ambalo lilikuwa limemjia usiku. "Mama Ngendo, nitaazima suti ya kanisa."

Warigia alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama.

"Ile ya bwana harusi?"

"Ndiyo hiyo. Ni nyeusi na ina tai yake."

"Ile uliyoniambia huwezi kuivaa?"

Hapo inabidi nikueleze. Warigia na Gerishon walikuwa wameoana kwa mbuzi na pombe ya wazee, kila kitu sawasawa, lakini kanisani walikuwa hawajafunga. Kila mwaka Warigia aliomba wafunge, naye ashiriki meza ya Bwana kama wenzake. Kila mwaka Gerishon akasema mwakani, mwakani, siwezi kusimama mbele ya watu na suti ya kuazima, watanicheka. Na Warigia alikuwa na sauti tamu, kwa hiyo kila harusi aliitwa kuimba. Aliimbia suti ile ikiwa imevaliwa na wanaume wa Ruiru wote, wafupi kwa warefu, isipokuwa wake.

"Hii ni kazi," Gerishon akasema. "Kazi ni tofauti."

"Haya," Warigia akasema, akaendelea kumenya. Alimenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi. Aliumia, na Gerishon hakuona, alikuwa anafikiria tai.

Suti yenyewe ilikuwa mali ya kanisa. Mmishenari mmoja mrefu ajabu aliiacha aliporudi kwao, na wazee wakaamua iwe ya kila bwana harusi asiye na uwezo. Ilikuwa nyeusi, koti lina mkia nyuma, suruali ingeweza kubeba gunia la mahindi kila mguu. Ilitunzwa kwenye sanduku na Cucu Wangeci, yaani Bibi Wangeci, mzee mmoja mkavu aliyeogopwa hata na mchungaji.

"Suti haitoki bila harusi," Cucu Wangeci alisema Gerishon alipomwendea.

"Cucu, ni ya kazi. Ni siku moja."

"Kuna mwingine aliniambia ni siku moja. Akaenda nayo Nairobi, ikarudi haina mkono. Tangu siku hiyo suti hii ina sheria. Inatoka na waimbaji wake, inaimbiwa njia nzima, na ikishavaliwa haivuliwi mpaka bwana harusi aseme ndiyo mbele ya mchungaji. Unaitaka au huitaki?"

Gerishon akafikiria nyumba ya mawe. Halafu akafanya kosa la mtu mwenye haraka: akasema anaitaka, akidhani ya mbele yatajipanga yenyewe.

Jumamosi asubuhi, hapo nyumbani Ruiru, alivaa. Akakunja suruali, akaifunga kiunoni kwa kamba ya mkonge, mikono ya koti ikameza vidole vyake. Alipotoka nje akawakuta waimbaji wamejipanga mlangoni na vitambaa vyeupe kichwani, Cucu Wangeci mbele na, Ngai fafa, Mungu wangu, Warigia katikati yao.

"Na wewe unaenda wapi, Mama Ngendo?"

"Mimi ni mwimbaji wa suti," Warigia akajibu. "Ikitoka, natoka."

"Nawaomba basi muimbe polepole."

Kumbe umemwambia mwanamke wa Ruiru aimbe polepole! Vigelegele vilipasuka hapo hapo, kuku wakaruka ua. Kufika stesheni walikuwa na mkia wa watu. Kila aliyeiona suti aliijua, kwa kuwa aliivaa yeye au aliivaa ndugu yake, na kwa hiyo alijua kuna harusi, na mtu anayejua kuna harusi haendi tena shambani. Ndani ya treni walicheza mpaka behewa likayumba. Mama mmoja akamtilia Gerishon kuku mikononi. Mzee mmoja akamshauri mambo ya ndoa kwa sauti kubwa, mambo ambayo Gerishon aliyajua na mengine ambayo hakuyajua.

"Bibi harusi yuko wapi?" watu wakauliza.

"Yuko mbele," Cucu Wangeci akawajibu bila kupepesa.

"Si harusi!" Gerishon akapiga kelele. "Ninaenda kazini!"

Wakacheka kweli kweli. Bwana harusi ana aibu, wakasema, hiyo ni dalili nzuri. Gerishon akajificha nyuma ya kuku.

Basi wakaingia kiwandani Thika. Askari wa getini alifungua geti lote na kupiga saluti, maana hata yeye aliwahi kuivaa suti ile. Kwenye nyasi kulikuwa na meza nyeupe, keki, wazungu wenye kofia, na Jeconia na suti yake mpya ya magodoro. Jua lilikuwa kali, Jeconia alikuwa amelowa jasho, na rangi ya Muthoka ilikuwa imeanza kushuka. Shingo yake ilikuwa nyeusi ti, mistari ilikuwa inachungulia, na mkubwa kutoka Ulaya, aliyekwisha kumsalimia, alikuwa ameshika kikombe kwa kiganja cheusi. Jeconia alitabasamu tu. Yeye alikuwa anakula keki.

Umati ukajaa nyasi zote ukiimba. Mkubwa, mzee mwekundu mwenye masharubu, alisimama akapiga makofi. Hakuwahi kuona kitu kizuri hivyo, alisema. Akauliza bibi harusi ni yupi, ampe mkono.

Bwana Kijiko hakufurahi. Alimjia Gerishon kijiko kimeinuliwa. "Gerishon! Hii nini? Wewe iko harusi leo? Kama iko harusi, kwenda harusi. Kama iko kazi, wacha hii kelele, kuja ndani. Mimi taka jibu moja."

Nyimbo zikakatika. Kuku akatulia. Gerishon alifungua mdomo kusema kazi, neno lilikuwa limefika ulimini, na nyumba ya mawe aliiona kabisa, na moshi wake. Akageuka kidogo ili awaambie waimbaji wanyamaze, na ndipo akamwona Warigia.

Warigia hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alikuwa amesimama na kitambaa chake cheupe, mikono imeshikana, akimtazama kama mtu anayesubiri kusomewa jina lake na anajua halitasomwa. Alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa kichwani.

Gerishon akaitazama suti aliyoivaa. Kwa huyu mwenye kijiko, akawaza, nimevaa suti ya kuazima, nimepanda nayo treni, nimebeba kuku mbele ya watu wote wa Thika. Kwa mama wa watoto wangu nilishindwa kutoka nayo mlangoni. Aliona haya, na safari hii haikuwa haya ya kuchekwa.

"Iko harusi, bwana," akasema.

"Leo?"

"Leo. Bibi harusi ni yule."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui kama vimekwisha. Mkubwa alimshika Warigia mkono, akamwachia rangi kiganjani, akampa keki yote na sinia lake. Bwana Kijiko akageuka na kumwita ndani karani aliyebaki. Jeconia akaingia, mistari na vyote, na alipotoka alikuwa karani mkuu.

Nje ya geti Warigia alisimama barabarani na sinia.

"Baba Ngendo, umesema nini pale?"

"Umesikia."

"Nyumba ya mawe imekwenda."

"Imekwenda," Gerishon akasema, na machozi yakamlenga, maana iliuma, nisikudanganye.

Warigia akaliegemeza sinia kiunoni. Alimega keki akampa.

Ungedhani yamekwisha. Walirudi Ruiru moja kwa moja kwa Mchungaji Ephantus, umati nyuma yao, na Mchungaji akasema hapana, harusi lazima itangazwe kanisani Jumapili tatu, asije akatokea mtu mwenye pingamizi. Gerishon akageuka kwa Cucu Wangeci, akaanza kufungua kamba ya mkonge.

"Acha kamba," Cucu Wangeci akasema. "Sheria ni sheria."

"Jumapili tatu, Cucu?"

"Je, umeshasema ndiyo mbele ya mchungaji?"

Basi hapo ndipo Gerishon alipofanya kazi stoo kwa mkia wa koti. Alihesabu mananasi akiwa na suti, akabeba mananasi akiwa na suti, akalala nayo, na mwimbaji mmoja alikaa getini kuchunga asivue. Jeconia alimpa amri za kazi kwa upole sana, akiangalia pembeni. Maji ya mananasi yaliingia kwenye kitambaa, yakakauka, yakaingia tena, mpaka suti ikawa inasimama yenyewe. Watu walimcheka kutoka kiwandani mpaka stesheni. Siku za kwanza alitaka ardhi immeze. Baadaye akaacha kuhesabu wanaomcheka, ikamshangaza.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Gerishon aliingia, akasimama mbele kando ya Warigia aliyevaa gauni la kitani, na Mchungaji Ephantus akafungua kitabu. Ndipo nyuki wakaja. Walikuja kidogo kwanza, kama wageni waliowahi, kisha wakaja na jamaa zao wote, wakatua kwenye suti ya mananasi, mgongoni, mikononi, mkiani. Watu waliruka viti. Mchungaji akaingia chini ya meza na kitabu chake.

Cucu Wangeci, aliyekuwa amepanda juu ya benchi, akapaza sauti ambayo Ruiru haikuwahi kuisikia. "Vua!"

"Na sheria, Cucu?"

"Vua, mwana wa Simeon, nimesema vua!"

Gerishon akavuta kamba. Suruali ikaanguka na nyuki wake, koti likafuata, mtu mmoja akaisukuma suti nje kwa fimbo, na nyuki wakaifuata hadi barabarani. Kanisa likatulia. Watu wakarudi kwenye viti, wakatazama mbele.

Bwana harusi alikuwa amesimama na kaptula ya kaki, ile aliyoivaa ndani ili suruali ile kubwa isimteleze, na soksi moja imeshuka.

Kicheko kilianzia benchi la nyuma, kikaja mbele, kikafika kwa Mchungaji aliyekuwa anatoka chini ya meza. Watu walicheka wakalia. Gerishon akasimama akakingoja kifo chake. Akangoja. Kifo hakikuja. Alisikia upepo kwenye magoti, basi.

Warigia akainama, akampandisha soksi. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa maji, na hayakuwa ya kucheka.

"Miaka yote ile, Baba Ngendo," alisema taratibu, "ulikuwa unaogopa hii tu?"

Gerishon akayatazama magoti yake. 

"Hii tu," akasema.

"Haya," Warigia akasema, akamshika mkono, na wakamwomba Mchungaji aanze tena kutoka mwanzo.