Makopo Mawili Nyuma ya Kabati

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa na wifi mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. Alikuwa mke wa kaka yake, mpishi wa shule ileile aliyofundisha yeye. Asubuhi wakikutana getini walisalimiana vizuri, habari za kuamka, habari za watoto, na mpita njia angedhani ni chanda na pete. Lakini mwalimu akishageuka kwenda darasani, meno yaliyokuwa yanacheka yalianza kusagana.

Si kwamba mpishi alimkosea. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana mtu akikukosea unapata pa kushika. Huyu alikuja tu kuolewa, na kila mlango ukamfungukia. Mama yao alipougua, mwalimu ndiye aliyenunua dawa, ndiye aliyempeleka hospitali, lakini mgonjwa akitaka kugeuzwa kitandani alimwita mkamwana. Mwalimu alilizika jambo hilo pamoja na mama, ila halikuoza.

Sasa likaja suala la kiti.

Miaka sita nyuma mwalimu alianzisha Kiti cha Heshima. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, alichokipaka rangi ya samawati kwa mkono wake. Kila mwisho wa muhula darasa lilimpigia kura mwenzao aliyewaheshimu wengine kuliko wote. Siku ya mkutano wa wazazi huyo aliketi mbele ya watu, na watoto watatu wakasimama kumshukuru, kila mmoja kwa jambo alilotendewa, si kwa sifa za jumla. Kura ilikuwa kizibo cha soda. Mtoto alikwenda peke yake nyuma ya kabati, akakitumbukiza kwenye kopo alitakalo. Kanuni zilibandikwa ukutani kwa mwandiko mzuri wa mwalimu: Kura ni siri. Kuhesabu ni wazi. Mwenye shaka aombe zihesabiwe tena, na asikemewe.

Muhula huu mwalimu mkuu akasema wachague mtu mzima mmoja wa shule. Watoto wakapendekeza wawili, mwalimu wao na mpishi. Kopo moja likachorwa chaki, jingine upawa.

Mwalimu hakumwambia mtu, lakini Jumatano alipotoka kazini alipiga pasi gauni lake la kijani, la kuvaa Ijumaa kwenye mkutano wa wazazi. Miaka sita alikuwa akiwakalisha wengine. Hata katika sala ya jioni alijikuta anamweleza Mungu kwa nini kiti ni haki yake, kana kwamba Mungu ni mjumbe wa kamati ya shule.

Na mpishi kafanya nini? Anapakua chakula, basi. Kweli, alimjua kila mtoto kwa jina. Kweli, kila Alhamisi aligeuza foleni, wa mwisho wakawa wa kwanza, kwa sababu wadogo walikuwa wakisukumwa nyuma siku zote. Na siku chakula kilipoungua, alipita darasa kwa darasa na aproni yake, akawaomba watoto radhi. Walimu walicheka sana ofisini, na aliyecheka kuliko wote ni wifi yake. Alisema mtu mzima akianza kuwaomba watoto radhi, kesho watampanda kichwani na viatu.

Alhamisi saa nne, watoto arobaini na mmoja walikwenda nyuma ya kabati mmoja mmoja. Wa mwisho alipotoka, mwalimu akaenda kuyachukua makopo ayalete mezani. Alipoyainua akajua. La upawa lilivuta mkono chini. La chaki lilicheza kama kopo la ombaomba.

Akasema kelele zimezidi, atahesabu hukohuko. Darasa lilikuwa kimya kabisa.

Upawa, ishirini na sita. Chaki, kumi na tano. Akarudia, labda vizibo vingemwonea huruma. Havikumwonea. Akilini akamwona wifi yake amekalia rangi aliyopaka yeye, wazazi wanapiga makofi, kaka mtu anatabasamu hadi masikioni.  Akatoka nyuma ya kabati na uso mkavu.

"Mwalimu, ishirini na sita," alisema. "Mpishi, kumi na tano."

Makofi yalikuja kama manyunyu, yakakatika. Kila mtoto alijua cha kwake tu, lakini macho yalianza kuulizana. Kisha mkono ukanyanyuka. Ulikuwa wa yule msichana waliyemwita Kidole, kwa vile kidole chake kilikuwa juu tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Akasimama wima, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

"Samahani, Mwalimu. Naomba kura zihesabiwe tena, hapa mezani. Si kwa ubaya. Ni kanuni ya tatu."

  "Kaa chini" lilikuwa limeshamfika mwalimu ulimini, na akilitoa, mkono ule hautanyanyuka tena, si leo, si ukubwani. Miaka yote hiyo alifundisha ili mtoto athubutu hivi. Hakuwahi kudhani atathubutu kwake.

Akayaleta makopo. Kidole akahesabu kwa sauti, kizibo kwa kizibo, na darasa zima likahesabu naye. Upawa ukafika ishirini na sita.

"Mwalimu alichanganya makopo," mtoto mmoja wa mbele akasema kwa huruma.

Mlango huo hapo, umefunguliwa na mtoto. Angepita tu, wangecheka kidogo, yakaisha.

"Sikuchanganya," alisema mwalimu. "Nilihesabu sawasawa, nikasema uongo. Nilikitaka kile kiti. Naomba mniwie radhi."

Hakuna aliyempanda kichwani. Kidole akauliza tu kama sasa anaweza kukaa.

Habari ilifika jikoni kabla ya kengele ya chakula. Siku zote sahani ya mwalimu ililetwa ofisini. Leo aliichukua mwenyewe, akaenda kusimama nyuma ya mtoto wa mwisho. Mpishi akamwona. Akagonga upawa kwenye sufuria, akawakumbusha kwamba leo ni Alhamisi, wageuke. Foleni ikageuka, na mwalimu akajikuta wa kwanza, uso kwa uso na wifi yake.

Mpishi alipakua taratibu, akajaza kupita sahani za wengine, na hata huo wema ukamchoma mwenzake.

"Wifi," mpishi akasema kwa sauti ya chini, "lile gauni la kijani ulishalipiga pasi?"

"Nilishalipiga."

"Basi niazime kesho. Nalionea kijicho tangu ulipolivaa siku ya harusi yangu. Watu wote wakakutazama wewe, bibi harusi nikabaki kama nimealikwa."

Mwalimu alikisikia kijicho chake kikiamka tena. Kiti, na gauni pia. Alitazama sahani, akatazama foleni ya watoto wanaosubiri nyuma yake.

"Nitakuletea asubuhi," alisema. "Ila usije ukalifua kwa maji ya moto."