Sentimita Nane

Mkaguzi alipima korido ya kliniki yetu mara tatu, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa. Sheria mpya inataka kliniki inayotoa mimba iwe na korido ya kupitisha machela mbili kwa pamoja. Miaka yangu yote kumi na tisa ya uuguzi hapa, hatujawahi kupitisha hata moja. Daktari wa meno, ambaye tunatumia naye korido hiyo hiyo, hakuguswa.

"Zimepungua sentimita nane," akasema huku anachekelea. "Tunalinda maisha, dada."

Akafunga mlango wetu kwa utepe mwekundu, wanawake wanne wakiwa bado wamekaa kwenye benchi. Akawaambia waende wakatubu.

Hata wiki haikuisha, akanipigia simu. Sauti imenywea kama kuku aliyenyeshewa.

"Dada yangu, yamenifika shingoni." Binti yake wa miaka kumi na sita alikuwa na mimba ya wiki saba. "Utepe nitautoa mwenyewe, tukimaliza nitaurudisha. Iwe siri yetu."

Siri yetu! Ningeweza kumtemea mate kupitia simu, ningemtemea. Wale wanne wa benchini, nani aliwatolea utepe?

"Mlete," nikamwambia. "Mtoto hana kosa. Ila wewe utabaki nje. Korido yetu ni nyembamba, haipitishi uchafu."