CD ya Mwanza

Restituta alipoitumbukiza CD mpya ya mpira kwenye mashine ya banda lake la gemu, gemu haikufunguka. Kioo kilimwandikia kwamba nafasi haitoshi, afute kitu kwanza.

Damu ilimpanda. Afute nini, wakati hii si ya kupakua, ni CD kaiagiza Mwanza, imekuja na basi? Akampigia Frednand, fundi wa simu pale stendi ya Nyakanazi.

“Dada, CD za siku hizi ni kama ufunguo tu,” Frednand alisema. “Gemu yenyewe lazima iingie ndani ya mashine. Ila angalia unachofuta. Zile alizopakua marehemu hazirudi bila nywila yake.”

Marehemu Novatus, mumewe, hakuiandika nywila hiyo popote. Alikuwa akizicheka CD: zinakwaruzika, zinaibiwa, gemu ya kupakua nani ataiiba?

Madereva wa malori walishajaa kwenye benchi, na mteja akihamia kwa jirani ndiyo basi tena. Restituta akaifuta gemu ya zamani ya mpira aliyoipakua Novatus, ile iliyokuwa ikiwalisha watoto wake. Ya nini tena, na mpya inaingia?

Mpya iliingia hadi nusu, ikakwama. CD haisomeki. Aliitoa, akaipangusa kwa kitenge, akairudisha. Haisomeki. Akaigeuza kwenye mwanga, akauona mkwaruzo.

“Mama, turudishie tu ile ya zamani,” dereva mmoja alisema kwa upole.

“Mwenye nywila tumemzika kijijini kwao Mbuba!” Restituta alifoka. “Nendeni mkamfukue!”