Kiuno cha Mchungaji

Barua ya baraza la wazee wa kanisa ilimkuta Fundi na pini mdomoni, nusura azimeze. Jumapili afike ajibu shtaka la uchochezi. Asipojisafisha, kwaya basi, na kiti chake cha mstari wa mbele, alichokikalia miaka ishirini na moja, apewe mwingine.

Uchochezi wenyewe? Eti kuna mtu anapita akisema mchungaji husinzia katikati ya maombi yake mwenyewe. Wazee hawakuuliza kama ni kweli. Walisema tu kwamba maneno ya aina hiyo huzaliwa kwenye kibanda cha Fundi cha kushonea, chenye viti vitatu na midomo tisa. Jamani! Safari hii hakusema yeye. Angejua, angekuwa wa kwanza kusema, lakini hakujua, na hilo lilimuuma mara mbili.

Alimshuku mzee kiongozi, ambaye waumini walimwita Mzee Amina kwa kuwa husema amina kabla sala haijaisha. Mzee huyu hasengenyi, ala! Yeye huomba. "Nakwambia ili tumwombee," husema, kisha anakumwagia ya nyumba nzima. Wa pili aliyemshuku ni mwenyekiti wa akina mama, mtu wa kuapa kwamba hasemi kitu hata kabla hujamwambia kitu.

Wiki hiyo mchungaji alikuja kupimwa suti. Fundi akamzungushia tepu kiunoni, akaandika inchi arobaini na sita, akapata wazo.

Jumatano Mzee Amina alifuata koti lake.

"Mzee wangu, siri yako hii," Fundi alimnong'oneza. "Kiuno cha mchungaji kimefika inchi hamsini na mbili."

"Maskini! Tumwombee."

Alhamisi mwenyekiti aliambiwa hamsini, naye akaapa. Jioni Fundi alimsimulia mdogo wake mtego wote, na namba ya kweli juu yake, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jumapili baada ya ibada, baraza liliketi katika chumba cha nyuma, kati ya spika mbovu na viti vya plastiki. Mzee Amina alifungua daftari, akaanza kusoma dalili za mchochezi. Ya kwanza, ana maneno mengi. Ya pili, hujifanya anakujali. Kabla ya ya tatu, mchungaji aliinua mkono.

"Subiri, mzee. Ijumaa kwenye maombi ulimsihi Mungu anipunguzie kiuno cha inchi hamsini na mbili. Nani kakwambia?"

Fundi alisimama, moyo unamdunda kwa furaha, akaeleza mtego wake: hamsini na mbili alimpa Mzee Amina peke yake, na hamsini alimpa mwenyekiti.

"Mimi sijasema!" mwenyekiti alipaza sauti, na kweli hamsini haikusikika popote. Aliyeshangaa zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

"Na la kusinzia, mzee?" mchungaji aliuliza.

"Nilikuwa naomba tu, mchungaji," Mzee Amina alijibu, jasho likimtiririka.

Fundi alikwisha kushika mkoba wake.

"Kaa kwanza, dada," mchungaji alimzuia. "Asubuhi hii mlangoni akina mama wanne wamenipa pole ya arobaini na sita. Namba hiyo tunaijua wawili, mimi na tepu yako."

Lo! Fundi alimkumbuka mdogo wake alivyoshika mbavu Alhamisi ile. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alitafuta uongo wa kusema, akakosa hata mmoja, yeye aliyekuwa nao tele tangu Jumatano.

"Nilimwambia mdogo wangu," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wote.

Yeye na Mzee Amina walipewa adhabu moja: miezi mitatu benchi la nyuma, mmoja bila kwaya, mwingine bila uzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata Fundi aliisikiliza kwaya ikiimba bila yeye, na ilimuuma kuliko sindano kidoleni. Mzee Amina alikaa kando yake, hawasemeshani.

Mbele, mchungaji alifumba macho kuomba. Akaomba, akaomba, sauti ikapungua, kisha ikakatika kabisa. Kichwa kikaanza kushuka taratibu kuelekea kifuani.

"Umeona?" Mzee Amina alinong'ona.

"Nyamaza, mzee," Fundi alisema, huku akimsogelea. "Tumwombee."