Kilima cha Saba

Pantaleo hakuwa na kofia ngumu wala koti la mvua. Hakuwa na simu ya kumwonyesha ramani, na meno mawili ya mbele yalikwisha kung'oka zamani. Hakuwa tena na mke wa kumwambia apunguze mwendo. Lusia alikuwa na miaka mitatu kaburini. Goti la kulia alikuwa nalo, lakini lilifuata hali ya hewa kuliko lilivyomfuata yeye. Na umri wa safari kama ile hakuwa nao. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Alichokuwa nacho ni baiskeli ya gia, mtumba wa Kahama, na makubaliano na binti yake.

Ritha, nesi wa Dodoma, alikuja Kharumwa wakati wa Pasaka akamkuta baba yake anachechemea. Alikuwa ameanguka akiteka maji kisimani na hakumwambia mtu kwa siku nane.

"Baba, hapa hukai tena peke yako. Chumba chako nimeshakipaka rangi."

"Chumba ninacho, nimekijenga mwenyewe. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilikuwa nachukua dagaa Nkome nawaleta hapa. Vilima saba, peke yangu, sishuki kwenye baiskeli."

"Hiyo nimeisikia tangu niko mgongoni kwa mama."

"Basi nitavipanda tena. Nikifika Nkome kwa nguvu zangu, bila gari, bila pikipiki, bila mkono wa mtu, habari ya Dodoma iishe."

"Na ikishindikana?"

"Utakuja na gari. Nitapanda, na hutasikia neno."

Walipeana mikono. Ritha alimfahamu baba yake: mtu aliyejifunza kusoma akiwa mkubwa, kwenye darasa la jioni pale kiwanda cha pamba, na ambaye tangu siku hiyo hakuwahi kurudisha nyuma neno alilolitamka.

Aliondoka Jumatatu, umande haujakauka. Vilima viwili vya kwanza alivipanda akiwa juu ya tandiko, akibadilisha gia kama mtu anayejaribu funguo za nyumba ngeni. Zamani njia hii ilipita ndani ya msitu. Mlisikia nyuki kabla ya kuona mizinga, na harufu ya dagaa ilitangulia msafara kiasi kwamba mbwa wa vijijini walijua mnakuja kabla ya wenyeji. Sasa ilikuwa mihogo, pamba, mabati mapya na ngurumo za makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Kwenye kilima cha nne alitafuta chemchemi waliyokuwa wakinywea kwa majani ya mgomba. Alikuta duara, shimo la wachimbaji, limezungushiwa magogo, na kijana aliyepakaa vumbi jeupe mpaka kope akamuuliza kama amekuja kununua mawe.

"Nimekuja kunywa maji."

"Maji yako huko chini, mzee, mita arobaini. Tunayavuta kwa pampu ili tuyamwage."

Alilala kwa mpwa wake, akaamka goti limevimba. Kilima cha tano na cha sita alivipanda akiikokota baiskeli. Hilo makubaliano hayakulikataza.

Saa nne asubuhi ya siku ya tatu alifika chini ya kilima cha saba. Pale, kwenye kivuli chembamba cha mkaratusi, alikaa mzee mmoja karibu na baiskeli aina ya Phoenix iliyobebeshwa magunia mawili ya mkaa. Aliitwa Enock, na alionekana kama mtu aliyekuwa anamngoja Pantaleo kwa jina.

"Mwangaluka, mzee mwenzangu."

"Mwangaluka. Unapumzika?"

"Nangoja mtu. Tangu alfajiri. Wamepita wa bodaboda kumi na tisa, wote wananipungia mkono kama mbunge." Enock aliinuka akajikung'uta suruali. "Tuanze na yangu au na yako?"

Pantaleo alikuwa ameisahau desturi ya kilima hiki. Njia nzima hakuikumbuka, na sasa ilikuwa imesimama mbele yake inajikung'uta suruali. Wabeba mizigo wa njia ile hawakupanda kilima cha saba mmoja mmoja. Aliyetangulia kufika alingoja. Wa pili akija, wote wawili walisukuma baiskeli moja mpaka juu, wakashuka, wakasukuma ya pili. Kumwacha mtu chini na mzigo wake ilikuwa aibu iliyokufuata mpaka kwa wakwe. Na kuukataa mkono wa mtu uliyemsukumia ilikuwa aibu kubwa zaidi. Maana yake unataka abaki na deni kwako.

"Tuanze na yako," alisema. "Yangu nitaipandisha mwenyewe. Haina mzigo."

"Nduhu tabu, hakuna shida, tutaona."

Walisukuma. Enock alishika usukani, Pantaleo akaegemeza bega kwenye gunia. Walipumzika mara sita. Walipofika juu wote wawili walikuwa weusi wa mkaa na hawana pumzi hata ya kukohoa. Enock ndiye aliyeanza kuteremka.

"Wewe bakia," Pantaleo alisema. "Nimekwambia yangu naiweza. Nina makubaliano na binti yangu. Mtu asinishike."

"Binti yako alishawahi kubeba mkaa?"

"Ni nesi."

"Basi hajui. Bebe! Wewe umenisukumia mimi halafu mimi nikae hapa nikutazame? Nikifika nyumbani nikamwambie nini mke wangu?" Aliitazama ile baiskeli kule chini ikimeta. "Gia ishirini na moja, mwenye nayo ana gia moja, na hiyo moja inateleza."

Pantaleo alicheka bila kutaka. Angeweza kukataa. Angebaki na nyumba yake, na kile kisima, na kiti cha Lusia chini ya dirisha. Alishuka, Enock nyuma yake, akashika usukani na kuanza kusukuma. Nusu ya kilima goti lilikataa. Ndipo kiganja cha Enock kikatua nyuma ya tandiko, baiskeli ikawa nyepesi ghafla.

Wepesi ule aliujua. Mgongo wake uliujua kabla ya akili yake. Ulikuwa wepesi wa Hatibu, Mzinza mwembamba wa Nkome, aliyekuwa akiimba vibaya kwa makusudi ili mwenzake asahau mwinuko. Safari zote zile Hatibu alikuwa nyuma yake. Alimsahau lini? Labda mwaka ambao Hatibu hakurudi kutoka ziwani, kisha hadithi ikawa fupi, na fupi ikawa tamu, na Ritha akakua akiisikia hivyo.

"Unalia au ni jasho?" Enock aliuliza.

"Sukuma, wewe."

Kule juu Enock alikata tawi kubwa, akalifunga kwa kamba nyuma ya Phoenix liburuzike liwe breki ya kuteremkia, kama walivyofanya zamani. Waliagana bila maneno mengi.

Jioni ya siku ya tatu Pantaleo aliingia Nkome akiwa juu ya tandiko. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka ukingoni mwa njia. Aliulizia ukoo wa Hatibu, hakuna aliyebaki.

Asubuhi aliketi kwenye kibanda cha Shamimu, wakala wa mabasi, akaomba karatasi na bahasha. Kwanza aliandika: *Nimefika Nkome salama, kwa nguvu zangu.* Aliisoma mara mbili. Sentensi ilikuwa nzuri, na Ritha angeiamini. Akaikunja, akaomba karatasi nyingine.

*Mwanangu Ritha, nimefika Nkome. Kilima cha saba nilisukumwa, na ningeweza kukataa. Kwa hiyo umeshinda. Njoo mwezi wa saba, mpunga ukishaingia ndani. Zaidi ya hayo, sikuwahi kukipanda peke yangu. Alikuwepo mtu aitwaye Hatibu, na nilikunyima habari zake miaka yote hii. Nitakusimulia njiani. Mimi baba yako, Pantaleo.*

"Mzee, si umpigie tu?" Shamimu alisema. "Simu yangu hii hapa."

"Kwenye simu nitajitetea."

Akapitisha ulimi kwenye ukingo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba chenye weusi wa mkaa, akamkabidhi. Shamimu akampa kondakta wa basi la saa mbili, na basi likaondoka.