Chuma cha Wijdan

Mume wangu Murshid ana maradhi ya vitu vya watu. Waingereza wa Qurum, hapa Maskati, wakimaliza mikataba yao hupanga uani kila wasichoweza kubeba, hubandika tangazo supamaketi, na Ijumaa asubuhi Murshid yuko pale kabla mwenye nyumba hajanywa chai. Ameshaniletea mashine ya aiskrimu isiyo na kifuniko na mfuko mzima wa fimbo za gofu, yeye ambaye akipanda ngazi hupumzika katikati. Siku zote nilikuwa nikicheka. Mwaka ule wa 1998 sikucheka.

Nilikuwa ndani ya arubaini ya uzazi. Wijdan alikuwa mtoto wangu wa kwanza, niliyempata baada ya miaka ya kuulizwa na kila mtu bado tu, na mama mkwe wangu, Bi Nunu, alihamia kwetu Khuwair kuniuguza. Kwetu mzazi na mwanawe hawatoki chumbani Magharibi, na chini ya mto wa mtoto hulazwa chuma mpaka arubaini iishe. Chuma ndicho kinachowazuia wale wanaokuja kuchukua mtoto wa watu na kuacha wao. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimesoma vya kutosha, na sikubishana na chuma hicho hata siku moja. Ukishamngojea mtoto kama nilivyomngojea mimi, hubishani na kitu.

Chuma chenyewe kilikuwa kisu kidogo cha mpini wa pembe. Bi Nunu alikitoa Unguja, na Murshid mwenyewe alikilalia alipozaliwa.

Ijumaa moja Murshid aliingia na upinde mrefu kumpita yeye, wa mti uliokoza wekundu kwa uzee, na podo la ngozi lenye mshale mmoja tu. Upinde na podo vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba iliyojaa mafundo, fundo juu ya fundo. Muuzaji alikuwa bibi mjane aliyekuwa akirudi kwao. Alimwambia kwamba mafundo yale aliyafunga marehemu mumewe, na yeye hajapata kuyafungua wala hajui sababu yake. Mtu mwenye akili angeuliza zaidi. Murshid alitafuta mkasi, akaukosa, na mimi nikiwa bafuni akaingia chumbani na kuvuta kisu chini ya mto wa mwanawe. Kamba ilikatika, na kisu nacho kikavunjika mpinini.

Bi Nunu alipoviona vile vipande viwili alikaa chini pale pale sakafuni.

"Murshid, baba, umenfanyia nini?"

"Mama, kisu tu. Nyumba imejaa visu."

"Nyumba ina visu vya kung'aa! Jini ataona uso wake mle, atatengeneza nywele kisha aendelee na kazi yake." Akanyoosha mkono. "Lete hicho."

Alichoomba ni mshale. Chembe chake kilikuwa kizito na cheusi, chuma cha kufuliwa kwa nyundo, na Bi Nunu alikipima mkononi akaridhika. Akaufukiza mshale kwa ubani, akaufunga kitambaa, akaulaza chini ya mto wa Wijdan. Mimi nilishukuru. Jua lilikuwa linashuka na mtoto alikuwa hana chuma.

Upinde ukatundikwa majlisi, chumba chetu cha wageni, podo kando yake, kwenye ukuta unaopakana na chumba changu. Kabla ya kuutundika, Murshid na ndugu yake Harub waliuvalisha ugwe, ile kamba ya kuvutia, wapate kuuona ulivyo. Mmoja alikalia ncha, mwengine akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, nami nikiwasikia kupitia mlangoni wakisingiziana uzembe. Kisha wakauvua ugwe, kwa kuwa yule bibi alionya kwamba mti ukiachwa umepindwa huchoka.

Magharibi ya kesho yake, Murshid akiwa msikitini, nilisikia mti unalia upande wa pili wa ukuta, kama mlango unaoegemewa na mtu mzito. Wijdan akapiga kelele. Murshid aliporudi akaukuta upinde umevaa ugwe wake, umepinda, uko palepale ukutani. Aliapa kwamba hakuugusa. Nilimwambia aache upuuzi wake, nami moyoni nilijua hasemi uongo, kwa sababu peke yake asingeweza.

Aliuvua ugwe. Kesho yake saa ileile mti ukalia tena.

Nikaanza kuutazama mshale. Bi Nunu aliulaza kwa upana, sambamba na kichwa cha kitanda. Kila nilipoinua mto niliukuta umegeuka, mkia wake umeelekea ukuta wa majlisi na chembe kimeelekea utosi wa mwanangu. Niliurudisha nikaweka Kurani ndogo kando yake, na jioni ukawa umegeuka tena. Ndipo nilipoelewa. Nyuma ya ukuta ule upinde ulikuwa umekaa tayari, mshale ulikuwa umejipanga mbele yake, na mwanangu alikuwa amelala penye shabaha.

"Mama, tuutoe," nilimwambia Bi Nunu.

"Tutie nini?"

"Chochote. Kisu cha jikoni, msumari."

Alinishika mkono. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini hayo aliyasema taratibu. "Balqees, mwanangu, mie kabla ya Murshid n'lizaa. Mtu aliazima chuma changu akate ugoro, Magharibi moja tu. Yule n'liyemkuta kitandani hakuwa wangu, na hakuishi. Mshale umegeuka, utaurudisha. Mtoto akigeuka hutomrudisha."

Basi tukabaki hivyo, mimi na hofu yangu, yeye na yake, na mtoto katikati.

Jioni iliyofuata adhana ilikuwa inaisha. Bi Nunu alikuwa bafuni anatawadha. Safari hii mti haukulia kidogo ukanyamaza; uliendelea kulia, na ndani yake nikasikia ugwe unavutwa, polepole, mpaka nyuma. Mto ukasogea. Chembe kikachomoza kwenye kitambaa kikagusa nywele za Wijdan.

Niliushika mshale kwa mikono miwili nao ukawa unanivuta. Mtoto sikuweza kumbeba. Saa ile havuki kizingiti, na kumpeleka mbele ya upinde ule ndiyo kabisa sikuthubutu. Nilimsomea Ayatul Kursi kwa mbio, nikamwacha, nikatoka na ule mshale.

Majlisi hapakuwa na mtu. Upinde ulikuwa umevutwa ukajaa, ugwe umekunjika kona hewani pasipo mkono wowote. Nililia, nikalitia podo ule mshale, nikavua mtandio wangu nikavifunga pamoja kwa nguvu zangu zote. Ugwe ulirudi taratibu, mti ukanyooka. Sikukaa mle hata muda wa chai kuchemka.

Niliporudi Wijdan alikuwa macho, kimya, anatazama mlango. Tangu azaliwe hakuna Magharibi ambayo hakulia. Bi Nunu aliingia uso ukimtiririka maji, akainua mto, akauteremsha.

"Chuma ki wapi?"

"Nimekitoa, mama. Kingemuua."

"Na ulipotoka, nani alikuwa na mtoto?"

 Bi Nunu alimtazama Wijdan, na hakumbeba. Hajambeba mpaka leo. Alimpikia, alimfulia, akamshonea nguo za sikukuu, lakini jina lake hakulitaja tena. Alimwita Mgeni. Watu walidhani ni jina la mahaba.

Murshid aliutia upinde na podo stoo ya uani, pamoja na fimbo zake za gofu. Wijdan akakua, mzuri, mwerevu, haumwi hata mafua, ana adabu mpaka walimu wenzangu wananionea wivu. Nampenda mpaka naumwa. Nikiambiwa nirudi jioni ile, nitautoa mshale vilevile.

Kisha kikaja kimbunga Gonu, mwaka 2007. Maji ya wadi, lile bonde kavu lililofurika, yaliingia stoo, na kimbunga kilipopita tukatoa kila kitu uani kikauke. Bi Nunu alikuwa kwenye kiti kivulini. Murshid alikuwa anaomboleza mashine yake ya aiskrimu. Wijdan akatoka stoo amekumbatia upinde na podo, na mtandio wangu uliooza ukining'inia.

Aliuvuta mtandio ukachanika. Akapitisha mguu ndani ya upinde, akaukunja nyuma ya paja lake, akavisha ugwe, peke yake, bila hata kukunja uso. Mtoto wa miaka tisa. Akapitisha kidole juu ya ugwe akasikiliza. Aliporidhika aliuvua, akaokota kamba, akaanza kufunga upinde na podo pamoja, fundo juu ya fundo. Mafundo yale niliwahi kuyaona siku moja tu, yamekatwa, sakafuni kwangu.

Murshid alisimama na mashine mikononi.

Bi Nunu ndiye aliyesema, kwa ile sauti ya upole anayowawekea wageni wa heshima. "Mgeni, sie tumekaa nawe vizuri. Au kuna tuliloharibu?"

"Hakuna, bibi."

"Alhamdulillahi. Na wetu je, hajambo huko aliko?"

Wijdan aliinua macho. Nikamwona anataka kujibu, kwa adabu, kama anavyojibu kila anachoulizwa na mkubwa.

"Wetu ndiye huyu!" nilipiga kelele, nikaruka juu ya matope nikamkumbatia, nikamziba mdomo kwa mkono. Pumzi yake ilikuwa ya moto kiganjani mwangu. Hakupapatika, hakuniondoa. Midomo yake iliendelea kusema humo ndani ya kiganja, taratibu, mpaka ikamaliza.